Wameanza Kuvunja Ukuta wa Matundu

Alhamisi, jioni. Vumbi la kiangazi limeficha milima ya Congo ng'ambo ya ziwa, na macho yananiwasha tangu mchana. Nimenawa mara kadhaa. Bado yanawasha.

Leo wameanza kuvunja ukuta wa mbele wa lile jengo la zamani la bima, pale katikati ya mji. Michoro wanayofuata ni yangu.

Kwa asiyelijua jengo lenyewe: kona yake haina pembe, imezungushwa taratibu kufuata barabara. Upande unaotazama ziwa hauna madirisha ya kawaida. Kuanzia ghorofa ya kwanza hadi juu, waliojenga zamani walipanga matofali ya saruji yenye matundu, safu juu ya safu, kama chekecheo. Jua la alasiri, lile linalotufanya sote tutafute kivuli, likifika pale linavunjika vipande vidogo na kuanguka sakafuni bila ukali. Upepo wa ziwa unaingia wenyewe na kutokea uani. Nimesomea usanifu wa majengo, nimefanya kazi miaka mingi katika mji huu, na sijachora kitu chenye akili kama ule ukuta.

Mara ya kwanza nilipokwenda kupima, nilimkuta Mama Consolate kwenye ghorofa ya pili. Yeye ndiye anayepokea watu waliogongewa magari au waliounguliwa nyumba, wanaokuja kudai bima. Aliniona nimesimama nimeduwaa, akainuka, akazima taa.

“Angalia, mutoto wangu,” aliniambia. “Hatuna haja ya taa. Umeme ikikatika, majirani wote wanatoka inje kutafuta hewa. Sisi tunaendelea na kazi.”

Kisha akauliza, “Mutatuachia huu ukuta?”

Nikasema nitajaribu.

Na nilijaribu, naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye. Kampuni ya bima ilitaka vioo vya bluu kutoka chini hadi juu. Mimi nikachora kwa muda wangu mwenyewe pendekezo la pili: ukuta uoshwe, nyufa zizibwe, vyuma vilivyooza vibadilishwe, matundu yabaki. Bosi wangu aliutazama mchoro kwa muda mrefu, akasema ni mzuri, kisha akasema niupeleke mwenyewe kwa mkurugenzi wao. Nadhani alijua watakataa.

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kukutana na mtu anayependa vioo kwa sababu ameviona Kigali. Nilikuwa na majibu yangu yote: joto, bei ya umeme, mazuti ya jenereta ambayo siku hizi unaweza kuitafuta mji mzima usiipate. Mkurugenzi alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akavuta mchoro karibu, akapitisha kidole juu ya yale matundu.

“Baba yangu alikuwa planto hapa, wa kutumwatumwa na barua, wakati wa Wabeleji,” alisema. “Alikuwa anatoka Buyenzi kwa miguu. Anaingia kwa mulango wa nyuma, anangojea inje, juani, mpaka wamuite. Huu ukuta ni muzuri, Madame, mi sikatae. Lakini waliujenga ili wale wa ndani waone inje, na wale wa inje wasione ndani. Baba alikuwa inje.”

Akanirudishia mchoro.

“Ungekuwa mi, ungefanya nini?”

Babu yangu mzaa mama naye alifanya kazi kwa wazungu kule Uvira, na hakuna nyumba yao hata moja aliyowahi kutusimulia kwamba ni nzuri. Nilitaja tena habari ya joto, kwa sauti ndogo. Akasema wataweka viyoyozi. Nikauliza, na umeme ukikatika? Akasema, “Tutaona.” Hakuwa na hasira. Alinisindikiza hadi kwenye ngazi, akanishukuru kwa kazi.

Ingekuwa rahisi kama angekuwa mjinga.

Bosi akaniambia nichore vioo. Nisipochora mimi atachora mwingine, tena vibaya. Nimelisikia neno hilo tangu nianze kazi hii, na kila mara ni kweli, na kila mara linaniacha hivi.

Nikachora.

Asubuhi ya leo nilisimama ng'ambo ya barabara nimevaa kofia ya plastiki, nikitazama nyundo. Nilidhani ukuta ungeanguka kwa kishindo. Haukuanguka. Unatoka kidogo kidogo, tofali moja linapasuka, nusu yake inabaki inaning'inia kwenye chuma, mtu anaipiga tena. Wapita njia walitazama juu, wakafunika pua na kuendelea na safari zao.

Mama Consolate akatoka. Nilikuwa nimemkwepa wiki nzima. Alikuja akasimama kando yangu, kitenge kimemfunika mabega kwa sababu ya vumbi.

“Ulijaribu?”

“Nilijaribu, mama.”

“Basi.”

Hakunilaumu. Laiti angenilaumu. Alitazama juu pamoja nami, kisha akauliza swali la mtu anayejali kazi yake tu.

“Kwa ile plan mupya, meza yangu iko karibu na dirisha?”

Nikasema ndiyo, iko karibu kabisa.

“Na linafunguka upande gani?”

Ilibidi nimwambie. Halifunguki. Hakuna hata moja linalofunguka, ni vioo vizima kutoka juu hadi chini.

Alinitazama kama anayesubiri nimalizie sentensi. Halafu akasema “Ah”, akajifuta uso na ncha ya kitenge, akarudi ndani.

Nilirudi ofisini mbio. Nikafungua mchoro, nikaweka dirisha la kufunguka kwenye ghorofa ya pili, dogo tu, mahali pa meza yake. Nikampigia msimamizi wa ujenzi. Alinisikiliza kwa upole, upole uleule wa mkurugenzi. Vioo vimeshakatwa, alisema, viko njiani kutoka bandari ya Dar. Akaniuliza kama kuna jambo lingine.

Nikasema hapana.

Sasa niko nyumbani Gihosha, kwenye kibaraza, na taa za mji zinaanza kuwaka kule chini, mtaa huu zimewaka, ule bado. Ule mchoro wenye dirisha sijaufuta. Hauna kazi yoyote, lakini sijaufuta.

Kesho lazima nirudi kule kukagua. Nitapanda ghorofa ya pili, na Mama Consolate atainua macho kutoka kwenye kazi yake. Nitaanza na neno gani?