Udongo Tuliomficha Daktari

Mama,

Nina hasira na wewe. Watu wakija kunipa pole hapa Maili Moja nawaitikia vizuri, nawakaribisha chai. Wakiondoka nagombana na wewe peke yangu.

Unakumbuka siku ya pili umelazwa na wagonjwa mahututi? Moyo wako ulikuwa unakimbia, unasita, unakimbia tena, na ile mashine inalia. Daktari, binti mdogo tu, akaniuliza, "Mama ana mazoea ya kula udongo?" Ukanifinya mkono. Mgonjwa hoi, lakini nguvu za kufinya ukazipata. Nikajibu, "Hapana, dokta." Akaandika.

Na mimi ndiye niliyekuwa nakununulia. Kila nikija Maneromango nilileta mfuko wa vile vijiti vya udongo, unavificha kwenye kopo la unga wa uji ili Baba asivione. Nikikusema unacheka: "Wewe na chipsi zako, mimi na udongo wangu. Kila mtu na ulevi wake." Halafu unajifuta mdomo kwa pindo la khanga, na weupe unabaki palepale kidevuni.

Tulipoanua matanga nilirudi hospitali kuchukua karatasi zako. Yule daktari akanikalisha. Alisema wingi wa damu yako haukuwa mbaya sana, ndiyo maana zahanati walikuwa wanakurudisha nyumbani. Lakini kipimo cha madini ya chuma mwilini, kilichotoka ukiwa umeshazikwa, kilionyesha akiba yote imekwisha. Mwili ukikosa chuma mara nyingi ndipo mtu hutamani udongo, na udongo wenyewe unazidi kukizuia. Moyo uliopoteza mpangilio ukikosa na chuma, unachoka upesi.

Nikamwambia ukweli. Nikamuuliza, ningesema siku ile ungepona? Akajibu, "Sijui, dada. Ila ningempima siku ileile."

Hiyo "sijui" ndiyo inayonimaliza. Angesema hapana, ningepumzika. Angesema ndiyo, ningejua namlaumu nani.

Zahanati nao nimewakasirikia. Kila ukisema umechoka, wanakujibu ni umri. Lakini huyu binti aliuliza, Mama. Aliuliza swali lenyewe kabisa, na sisi wawili tukaona aibu ya udongo ni kubwa kuliko moyo wako.

Mdogo wangu Mwanaidi ana mimba ya miezi mitano. Juzi nilimkuta nyuma ya nyumba anatafuna. Akaniambia, "Dada, usimwambie mtu." Nilimfokea mpaka akalia, na mimi nikalia.

Kesho nampeleka kliniki. Nitaingia naye mpaka ndani, niseme mbele yake anakula nini na tangu lini, hata akininunia mpaka ajifungue. Wewe sikukusemea. Yeye nitamsemea.

Pumzika, Mama. Ijumaa nitakuja kupalilia kaburi lako, na nitakuja nimenuna.

Mwanao,
Zuhura