Suti ya Mume wa Mama Vero

Dada Furaha mpenzi, mizinga imenyamaza hapa Kisangani, nami ni mzima.

Mjane mmoja, Mama Vero, alileta studioni kwangu suti ya marehemu mumewe, akataka picha yao wawili. Nikaitundika ukutani, akasimama kando yake. Umeme hakuna, basi nikaacha lenzi ya kamera wazi sekunde kadhaa kwa mwanga wa dirisha; anayetikisika hapo hutoka ukungu. Suti ilitulia kuliko warembo wote wa mitindo niliowahi kuwapiga picha. Mama alitetemeka kwa kilio, akatokea kwenye picha kama moshi.

Nikaomba nirudie.

"Non, tonton, acha vile. Yeye iko. Ni mimi nilienda," akakataa Mama Vero, akiniita mjomba kwa Kifaransa.

Tangu hapo napiga tu picha za waliobaki na nguo za marehemu wao; mitindo nimeacha. Magauni niliyokuwa nikiwavika warembo, yaliyobaki kwako, yavaeni nyote hapo nyumbani, yachakae miilini mwenu, yasije yakatundikwa ukutani bila ninyi.