Kioo cha Mlango Wangu na Mafundo ya Afande

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri hapa Mbuya, Kampala, matope yamefika mpaka kizingitini, na mimi nimejifunika shuka na kikombe cha chai ya tangawizi. Nina aibu. Nitaiandika yote, maana nikiiacha ndani itanikosesha usingizi kama jana.

Jina la mzee nitakayemtaja nimelibadilisha, na mtaa wake pia. Msijisumbue kumtafuta.

Wanaonisoma siku zote wanalijua gari langu. Jeupe, la Kijerumani, la zamani kiasi kwamba watu husimama kulipiga picha. Nimelinunua kwa jasho la kuuza vitambaa, na wanangu wakiniambia niliuze ninunue la kisasa ninawaambia wathubutu kunirudia na hayo maneno. Sasa, wiki mbili zilizopita kioo cha mlango wa dereva kikagoma. Nabonyeza swichi, nasikia mlio mdogo ndani ya mlango kama mtu anayesaga meno, halafu kimya. Kikabaki nusu, si juu si chini.

Mafundi wawili waliniambia mota imekufa, nitafute nyingine. Nyingine ya gari hili nitaitoa wapi, mbinguni?

Afande peke yake ndiye aliyesema tuifungue kwanza tuione. Afande ni mzee wa kaskazini, mrefu, mkimya, aliyetengeneza umeme wa magari ya polisi mpaka akastaafu. Siku hizi yuko kwenye gereji ninayopeleka gari langu, na hata mwenye gereji humwita Afande. Jumatatu aliichomoa ile mota mlangoni, akaifungua mezani. Kaboni zake, vile vipande vidogo vinavyoingiza umeme ndani ya mota, zilikuwa zimelika zote, na grisi ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama sabuni ya kipande. Akaisugua kwa petroli. Akachukua kaboni za mota nyingine akazipunguza kwa msasa, taratibu, akizipima kwa vidole mpaka zikaingia. Jumanne akaiunga kwenye betri, akainamisha sikio, akasikiliza. Ikazunguka.

"Bado iko hai, mama Rehema," akaniambia. Nilifurahi hadi nikapiga vigelegele, mafundi wote wakacheka.

Jumatano nikapita tena. Afande alikuwa amekwenda kula. Mota ilikuwa juu ya meza, na kwenye nyaya zake mbili kulikuwa kumefungwa vipande vya uzi wa gunia, vichafu, vimelowa mafuta. Mimi na uchafu hatupatani, hilo mnalijua. Nikatoa kimkasi cha kukatia kucha, nikavikata, nikavitupa. Nikapangusa na nyaya kwa kitambaa, nikajiona nimesaidia.

Alhamisi akairudisha mlangoni. Akaanza kusema tujaribu swichi, mimi nikamkatiza. Funga Afande, funga, nina mteja ananisubiri dukani! Akafunga mlango, nikaondoka, kioo kikiwa bado nusu.

Sikufika mbali. Mvua ikamwagika, ile mvua ya Kampala isiyopiga hodi. Nikabonyeza swichi ili kioo kipande juu. Kikateremka chote! Nikabonyeza tena, kwa nguvu, kana kwamba swichi ni kiziwi. Maji yakaingia, yakanilowesha mimi, kiti, na furushi la vitambaa vya mteja. Kwa hasira sikukumbuka hata kubonyeza upande wa pili. Niligeuza gari nikarudi gereji nikitiririka maji.

Nilishuka huku nikipiga kelele. Fundi mmoja akaingia ndani ya gari, akabonyeza kushusha, kioo kikapanda juu vizuri kabisa. Mota nzima, nyaya zimepishana tu. Banange, jamani, walicheka! Walinicheka mimi, mwanamke anayejidai kujua magari, niliyeloa maji kwa kushindwa kubonyeza swichi.

Hapo ndipo nilipolisema lile neno. Sikuweza kuvumilia kuchekwa, nikamtafuta wa kumtupia.

"Afande, kama macho yamekwisha, kaa nyumbani ulee wajukuu!"

Kicheko kikakatika. Mzee aliniangalia, au niseme aligeuza uso kuelekea kwangu. Akajibu, "Sawa, mama." Akakusanya vifaa vyake sandukuni kimoja kimoja, akaondoka na mvua ile ile.

Sitajitetea. Nililala siku hiyo nikijiambia kazi ni kazi, aliyekosea aambiwe.

Jana Ijumaa nilirudi ili nyaya zigeuzwe. Afande hakuwepo. Mwenye gereji akaniambia mzee ametuma ujumbe kwamba amemaliza kazi, wasimtegemee. Palepale kwenye meza yake kulikuwa na mota nyingine aliyoiacha, ya gari la mtu mwingine, nami nikaishika kwa kukosa la kufanya. Kwenye nyaya zake kulikuwa na uzi wa gunia. Waya mmoja una fundo moja. Wa pili una mafundo mawili.

Hapo nikakikumbuka kimkasi changu.

Nilichukua boda mpaka Kyebando, kwa binti yake anakoishi. Nilimkuta Afande barazani anachambua maharage kwa vidole, anatoa vijiwe, na hakuna hata kimoja kilichompita. Nikapiga magoti nikamsalimia. Nikamwambia nyuzi zake nilizikata mimi, kwa mkono wangu. Akaniambia yote, polepole, kwa Kiswahili chake cha kambini. Rangi hazioni tena. Nyeusi, kahawia, bluu, kwake ni moja tu. Sura ya mtu anaiona kama iliyo nyuma ya pazia. Breki hagusi tena, alikataa mwenyewe, asije akaua mtu. Lakini mota anaisikia na waya anaushika, na fundo halijawahi kumdanganya. Alhamisi alipoyakosa mafundo alibahatisha, ndiyo maana alitaka tujaribu swichi. Watu wa gereji wanadhani ni mazoea tu ya kizee. Wakijua ukweli, nani atamwachia gari?

Nilimsihi twende kwa daktari wa macho. Akasema atafikiria. Nilimsihi arudi kazini.

"Waya ni kitu kidogo, mama Rehema. Lakini ile maneno ulisema mbele ya watu. Nitarudi kama umeiondoa palepale uliposema."

Usiku kucha nilijigeuza. Nitamsafishaje bila kutaja mafundo? Nikitaja mafundo nimetaja macho. Ilibaki njia moja, nibebe kosa lote nionekane mjinga asiyejua kuacha mali ya fundi mezani. Na ukweli ni kwamba ndivyo nilivyo, ila nilikuwa nimezoea kuheshimiwa pale, heshima ambayo wanawake wengi hawaipati kwenye gereji.

Leo asubuhi nikampigia Afande simu aje gereji, nami nikaenda. Mvua iliwafanya mafundi na wateja wote wajibanze chini ya mabati. Afande alikuwa amesimama langoni na sanduku lake, hakuingia, ananyeshewa. Nikafungua mdomo, nikasema nililokuja kulisema. Sauti ikatoka ndogo, mabati yakaimeza.

"Unasemaje mama Rehema? Hatusikii!"

Ndiyo, ikabidi nipige kelele. Nilipaza sauti kuliko Alhamisi.

"Mimi ndiye niliyechezea nyaya mezani! Nilizivuruga mwenyewe! Afande hakukosea kitu, nilimtukana bure! Afande, nisamehe!"

Wakacheka mpaka mwenye gereji akaketi juu ya tairi. Mmoja akaniuliza kama sasa nitafungua na injini nyumbani kwangu. Nikameza. Afande hakucheka. Aliingia, akaweka sanduku mezani, akapapasa mlango wa gari langu mpaka akapata mshikio, akazigeuza nyaya zile na kunitaka nijaribu swichi. Safari hii nilijaribu. Juu, chini, juu. Kisha akauliza gari la nani linafuata.

Nimerudi nyumbani na kioo kizima na moyo mwepesi, na ningependa kuishia hapa. Lakini kuna jambo halijaniacha tangu nivue viatu. Nilikwenda Kyebando kwa sababu kosa lilikuwa langu. Je, kama nisingezikata zile nyuzi, kama kweli macho yake ndiyo yangekosea, ningekwenda?