Usiruke Mstari

Magadi, 9 Septemba 1998

Kwa Mama,

Najua Kathini mke wangu ameketi hapo Kitengela akikusomea hii, kama zile zingine. Huku joto ni lile lile, lakini niko mzima.

Nimesikia Jumamosi unaenda kuniposea msichana mwingine kwa sababu Kathini hazai. Usiende. Daktari alinipima wakati wa Pasaka. Yale matumbwitumbwi niliyougua nikiwa kidato cha kwanza yalishuka yakaharibu mbegu zangu za uzazi. Nilinyamaza, na wewe ukaendelea kumnywesha Kathini mizizi yako michungu.

Kathini, sasa naongea na wewe. Niliogopa kukuambia uso kwa uso. Usiruke mstari hata mmoja. Ukimaliza kusoma, mwaga hiyo dawa mbele yake.

Ni mimi niliyekuacha uinywe,
Munguti