Bendi Mpya na Fidla ya Mjomba Orrin

Hollins Mill,
New Hampshire,
16 Novemba 1994

Mpendwa dada Lovina,

Salamu nyingi zikufikie huko Alaska. Hujambo? Watoto hawajambo? Baridi ya huko isije ikakumaliza. Sisi wazima, ila goti langu linanisumbua, nami silidekezi.

Nakuandikia habari za baba yako kabla hujazisikia zimepindishwa. Unajua kamati ya dansi yetu ya safu mbili zinazokabiliana ilinitwika mimi kuchagua bendi. Basi tangu kiangazi baba yako, Mjomba Orrin, amekuwa akipotea katikati ya wimbo anapotupigia fidla. Kipande cha kwanza ni cha kupigwa mara mbili. Yeye hukipiga mara tatu, na wachezaji wote wanavurugika. Mwezi uliopita safu mbili zilivaana, Bibi Pruitt akateguka mguu.

Kamati wakaniambia, "Wendell, tafuta wengine. Mzee wako atatuvunja miguu." Nilikasirika, dada, lakini walisema kweli. Nikasikiliza bendi tatu. Moja ilipiga mbio kama inafukuzwa. Nyingine ilipendeza masikioni, ila miguu haikushtuka. Ya tatu, ya mabinti wawili wenye fidla na piano, ilinikuta nagonga sakafu bila kujijua. Nikaichukua.

Kumwambia mzee kukanishinda. Siku tatu nilifika mlangoni kwake nikarudi. Siku ya nne akafungua mwenyewe. "We Wendell, unanyatia hapa kama mwizi wa kuku. Umeshapata bendi?"

"Ndiyo, mjomba."

"Wanajua kuhesabu mpaka mbili?"

Akacheka, kisha akanimiminia kahawa. Kahawa yake sikuweza kuinywa kwa aibu.

Jumamosi alikuja ukumbini bila fidla, shati limepigwa pasi. Roho iliniuma kumwona kakaa kwenye benchi, vidole vinacheza gotini. Lakini ulipofika wimbo wa mwisho, ule wa polepole wa wawili wawili, akanyanyuka, akavuka ukumbi hadi meza ya pai alipokuwa mama yako, akamnyooshea mkono.

Mama yako akafuta vidole kwenye aproni. "Miaka arobaini na moja, Orrin, nakungoja ushuke jukwaani."

Wakacheza. Dada, baba yako hajui kucheza hata kidogo, na hakuna aliyemcheka.

Msalimie shemeji Carl, Nell na Abner. Shangazi yako Ruth anakusalimu sana. Mungu awafunike nyote.

Ni mimi ndugu yako, mwenye kukupenda daima,
Wendell