Lilei kwa L

Magomeni ya huku Kusini, Jumanne, Mei 2004

Kumbe ilikuwepo siku zote. Nilitafuta "rilei", swichi ya kuwashia pampu, kwenye maktaba yetu ya michoro ya vifaa ndani ya kompyuta. Nikaikosa, nikaichora upya kwa kukisia nafasi za miguu yake ya kuchomekea kwenye bodi. Selemani, mwenzangu wa karakana, alishaichora kwa vipimo sahihi, ila aliiandika kama Wamakonde wenzake wanavyotamka: "lilei".

Nilimnunia asubuhi nzima. Kesho mchoro wa bodi za umeme za pampu ya maji ya kijiji cha Kitaya unakwenda Dar kutengenezwa. Kwa rilei yangu matundu yasingelingana na miguu, na bodi zote zingekuwa za kutupa.

Nikamwambia tuandike Kiswahili kimoja, tuachane na hizo L. Hakubishana. Alivuta kiti, tukapitia majina yote pamoja. Nilipoifuta rilei yangu, roho ikatulia.

Halafu akanyoosha kidole kwenye skrini. "Mama Wambura, hii 'koiri' ni kifaa gani?"

Ni koili, ule waya wa kuzungushwa. Niliiandika mimi, kama tunavyotamka kwetu Tarime.

Naye aliwahi kuitafuta akaikosa, akachora ya kwake. Yeye hakuninunia.