Mashine, Mama na Shavu la Kushoto

Jumamosi. Mvua imekatika sasa hivi hapa Likoni, ua umejaa maji nami nimejaa majivuno. Sitajifanya mnyenyekevu leo.

Kwa asiyenijua, kazi yangu ni kusinga maharusi. Nawasugua kwa liwa, ule unga wa msandali, na mafuta mwili mzima, siku kadhaa kabla ya harusi, kama mama alivyonifundisha. Yeye aliwasinga wanawake wengi wa mtaa huu kabla hajapofuka. Haoni tena, lakini ukimpa mkono atakwambia kama ulilala vyema.

Mwaka huu niliingiwa na hofu. Kina mama wa maharusi wanataka shingo na mashavu yao yakazwe kabla ya siku ya kupamba, bibi harusi anapoonyeshwa kwa wageni, na wanavuka kwenda saluni za Nyali kwenye mashine za mawimbi ya redio zinazopasha ngozi joto. Mtu akishapeleka shingo yake huko, ni nini kitamzuia asimpeleke na binti? Nikaamua kununua mashine yangu, hizi ndogo za kutumia nyumbani.

Mama aliposikia alinuna. "Itawapika wana wa watu hiyo," alisema. "Na jina litakaloungua ni langu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonichagulia mashine.

Dukani nilionyeshwa kwanza ya rangi ya waridi, nyepesi, yenye taa za kumetameta. Nikamuuliza muuzaji inafika joto gani, na nini kinaizuia isizidi hapo. Akanijibu kwamba ziko rangi tatu. Nikamshukuru nikaondoka. Niliyoichukua duka jingine ni nzito na sura yake haivutii, kama pasi. Lakini joto la ngozi linasomeka kwenye kioo chake, likizidi inajizima yenyewe, na kitabu chake kinasema wazi nani asiitumie: mjamzito, mwenye chuma mwilini, mwenye kifaa cha moyo.

Siku ya kwanza nikafanya ujinga. Nilijipaka mafuta ya nazi. Baada ya miaka yote hii ya kusinga, mkono wangu haujui kugusa ngozi bila mafuta. Mashine ikawa baridi hapa, pale inachoma, nikabaki na alama nyekundu chini ya sikio kwa siku tatu. Kitabu kilikuwa kimesema nitumie jeli ya maji, tena ukurasa wa kwanza. Niliuruka ukurasa huo kwa kujiona fundi.

Aibu ile ilinitia adabu. Nikaapa sitamgusa mteja mpaka nijijaribu mwenyewe kwa miezi miwili, shavu la kushoto peke yake. La kulia nililiacha ili nipate cha kulinganisha. Wateja wawili waliniomba katikati ya muda huo nikawakatalia, na mmoja akaenda zake Nyali. Iliniuma sana.

Nikijitazama kwenye kioo sikuwa na hakika. Siku moja naona tofauti, siku ya pili najiambia najidanganya. Nilimuuliza mume wangu, akalisifu shavu la kulia.

Leo mchana nikaenda kwa mama. Nikambusu mkono, nikamwamkia, naye akanishika uso kwa viganja viwili kama kawaida yake. Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu jaribio langu. Akanipapasa tena polepole, kushoto, kulia, kisha akarudi kushoto.

"Wafanyani upande huu, wewe?"

Wallahi nililia. Nikamweleza yote, hata habari ya mafuta ya nazi, akacheka mpaka akakohoa. Hakunisifu, maana mama hana desturi hiyo. Alisema tu kwamba ngozi imejishika kidogo, na mimi niliyefundishwa na mikono ile najua hiyo "kidogo" yake ina uzito gani. Miezi miwili nimekuwa nikiogopa kuliharibu jina lake. Sikuliharibu.

Nilipoinuka kuaga, akausogeza ushungi wake nyuma ya sikio na kunigeuzia shavu.

"Na langu je? Ama la mkongwe halikazwi?"

Basi kesho baada ya chai, inshallah, kwa joto la chini kabisa na jeli ya kutosha, nampokea mteja wangu wa kwanza. Ana miaka themanini na mbili.